Amana ya Nafasi na Malipo ya Wanafunzi Wasaidizi katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huanza kumiminika barua za udahili zinapotoka, kati ya Machi na Mei. Nimeyakusanya mahali pamoja kwa sababu nimechoka kuyajibu moja moja, na kwa sababu mengi yana mzizi mmoja: mtu anaambiwa "chuo kimeamua" bila kujua ni nani ndani ya chuo aliyeamua, na lini. Nilikuwa mwanafunzi msaidizi Marekani, yaani mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayelipwa kufundisha au kufanya utafiti, kwa miaka minne, na miwili kati ya hiyo nilikaa kwenye kamati ya bajeti nikiwawakilisha wenzangu. Chuo chenyewe sitakitaja. Majibu haya ni ya Marekani tu, na hata humo jimbo moja si sawa na jingine.

Nimeshapata barua ya udahili. Kwa nini wanataka pesa tena kabla sijafika?

Hiyo ni amana ya kushikilia nafasi. Usiichanganye na ada ya maombi uliyolipa mwanzoni. Ile ilikuwa ya kusomewa faili lako na hairudi. Amana kwa kawaida hukatwa kwenye bili yako ya muhula wa kwanza, kwa hiyo ukienda kusoma hujapoteza kitu. Kwa shahada ya kwanza huwa kati ya dola 100 na mia kadhaa. Kozi za sheria, biashara au udaktari wa meno hupanda juu zaidi, na programu nyingi za uzamivu hazidai amana kabisa.

Wengi hudhani chuo kinatafuta hela. Hapana, au tuseme si hasa. Amana ni namna ya kuhesabu vichwa. Chuo hudahili watu wengi kuliko viti vilivyopo kwa kuwa kinajua wengi watakwenda kwingine. Siku ya mwisho ya amana ndiyo mara ya kwanza ofisi ya udahili kuwa na hesabu ya kweli, na hata hapo wapo watakaolipa kisha wasionekane Agosti. Wenyewe husema hao, mmoja mmoja, "wanayeyuka" kiangazi kama barafu.

Hesabu hiyo ya vichwa ndiyo inayoamua madarasa mangapi ya mwaka wa kwanza yafunguliwe, na idadi ya madarasa ndiyo inayoamua wanafunzi wasaidizi wangapi waajiriwe kufundisha. Ndiyo maana nimeweka mambo haya mawili kwenye ukurasa mmoja. Anayesubiri amana ya kijana wa miaka 18 si mhasibu peke yake. Yupo pia mwanafunzi wa uzamivu kwenye chumba kisicho na dirisha, ambaye hajui kama mkataba wake wa muhula ujao upo.

Nani hasa anapanga kiasi cha amana?

Kwenye karatasi, bodi. Kila chuo kikuu cha Marekani kina chombo cha juu kinachoshika mamlaka ya mwisho, ila majina na namna ya kuwapata wajumbe hutofautiana sana. Chuo Kikuu cha California kina bodi ya watu 26: 18 huteuliwa na gavana kwa kipindi cha miaka 12, mmoja ni mwanafunzi, na waliobaki huingia kwa vyeo vyao. Michigan wapo wanane, na hao huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima kwa miaka minane, kama wanasiasa. Harvard, ambacho ni cha binafsi, bado kinaendeshwa na shirika lililopewa hati mwaka 1650, na shirika hilo hujazia lenyewe nafasi zake.

Kwa vitendo, bodi haikai kubishana kama amana iwe dola 200 au 300. Mamlaka hayo hukasimiwa kwa rais wa chuo, naye huyashusha kwa makamu wake anayesimamia udahili. Pale ambapo kanuni zinalazimisha bodi ipige kura, jambo lenyewe hufungwa kwenye furushi la mambo ya kawaida yanayopitishwa kwa mkupuo. Niliwahi kuhudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Makabrasha yalikuwa mazito kiasi kwamba mjumbe aliyekaa mbele yangu aliyatumia kuegemeza simu yake. Kupandishwa kwa amana kulikuwa kipengele kidogo chini ya kingine kidogo. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye kutaka chochote kitolewe kwenye furushi, akahesabu pumzi mbili, akagonga meza. Mimi nilikuwa bado natafuta ukurasa.

Sisemi walificha. Kila kitu kilikuwa wazi tangu wiki iliyotangulia. Ila hakuna aliyefungua.

Maprofesa nao hawana sauti?

Wanayo, lakini ya ushauri zaidi. Tangu tamko la mwaka 1966 lililoandaliwa kwa pamoja na chama cha maprofesa, baraza la vyuo na chama cha wajumbe wa bodi, vyuo vingi hufuata desturi ya kugawana madaraka: seneti ya walimu ina uzito kwenye mitaala, vigezo vya kudahili na ajira za kitaaluma, huku bodi ikishika fedha na mali. Amana na posho za wasaidizi zimekaa mpakani. Ni fedha, lakini zinagusa nani anaingia darasani na nani anafundisha. Kwa uzoefu wangu, jambo likikaa mpakani hivyo, mwenye kushika mfuko ndiye humaliza mazungumzo.

Tarehe 1 Mei ni sheria?

Si sheria. Ni mazoea ya muda mrefu kwa shahada ya kwanza, yaliyokuwa yakilindwa na kanuni za maadili za chama cha washauri wa udahili, NACAC. Kanuni hizo zilikataza chuo kumshawishi mwanafunzi aliyekwisha kukubali nafasi kwingine baada ya tarehe hiyo. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaona hilo linaua ushindani, na mwaka 2019 NACAC ikaviondoa vipengele hivyo. Desemba mwaka huo jambo likafikishwa mahakamani na kumalizwa kwa makubaliano.

Matokeo yake ni kwamba siku hizi unaweza kulipa amana tarehe 30 Aprili, na wiki mbili baadaye chuo kingine kikakuandikia kwamba kimeongeza ufadhili. Hakijavunja kitu.

Tarehe yenyewe pia huhama. Mwaka 2020 vyuo vingi viliisogeza hadi 1 Juni kwa sababu ya Uviko. Mwaka 2024 ilisogezwa tena kwingi, safari hii kwa sababu fomu mpya ya serikali ya kuomba msaada wa fedha, FAFSA, ilichelewa na kujaa hitilafu, na familia hazikujua zitabakiwa na deni la kiasi gani. Mwanafunzi wa kigeni hajazi fomu hiyo, lakini alinufaika na siku zilizoongezwa. Ukikuta tarehe kwenye ukurasa wa chuo, angalia ni ya mwaka gani.

Naweza kulipa amana vyuo viwili halafu niamue baadaye?

Hakuna askari atakayekuja. Lakini vyuo vinalichukulia kama udanganyifu, na chuo kikigundua kinaweza kukufutia nafasi. Tofauti na hapo ni pale unapokuwa kwenye orodha ya kusubiri: unalipa amana kwa chuo kilichokukubali, kisha kile cha kwanza moyoni mwako kikikuita unaondoka na kuiacha amana yako. Hilo linakubalika. Kama uliomba kwa utaratibu wa uamuzi wa mapema unaofunga, swali lenyewe halipo. Ulishaahidi kwenda huko.

Viza ikikataliwa, amana inarudi?

Inategemea sera ya chuo, na sera hizo hazifanani. Vipo vinavyorudisha yote ukionyesha barua ya kukataliwa, vipo vinavyokuruhusu kusogeza nafasi hadi mwaka unaofuata, na vipo vinavyosema amana hairudi kwa sababu yoyote ile. Uliza kabla ya kulipa, kwa barua pepe, ili jibu libaki kwenye maandishi. Kama kiasi chenyewe ni kizito kwako, uliza pia kuhusu kusamehewa au kuahirishiwa. Vyuo vingi vina utaratibu huo ila haviutangazi kwa herufi kubwa.

Usilipe kupitia akaunti ya mtu. Na usichanganye amana na ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni) ya dola 350, ambayo mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, huilipa serikali ya Marekani. Chuo hakiipati hiyo wala hakiwezi kuirudisha.

Mimi naenda uzamivu. Profesa ananitaka nijibu ifikapo 10 Machi. Ni halali?

Uliza kwanza kama chuo chake kimesaini azimio la Baraza la Shule za Uzamili la Marekani, linaloitwa azimio la 15 Aprili. Linasema mwanafunzi aliyepewa ahadi ya ufadhili, yaani posho ya usaidizi au skolashipu, halazimiki kujibu kabla ya tarehe hiyo. Vyuo vingi vikubwa vimesaini. Haliihusu barua ya udahili tupu isiyo na ufadhili, na hapo ndipo watu hujikwaa.

Profesa huenda hana nia mbaya. Anayo nafasi moja na orodha ya watu watatu, na wa tatu naye anasubiriwa kwingine. Mjibu kwa heshima kwamba umefurahi, na ungependa kutumia muda unaoruhusiwa na azimio. Jina la azimio likitajwa, presha hushuka.

Barua inasema nitalipwa dola 27,000 na ada nitafutiwa. Hizo ni nyingi au kidogo?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu huumia.

Kifurushi cha msaidizi kina vitu vitatu: malipo ya kazi, kufutiwa ada ya masomo, na bima ya afya. Kazi yenyewe huwa ya nusu muda, saa 20 kwa wiki. Kwa mwenye F-1 hizo 20 ndizo kikomo cha kisheria cha kazi ya chuoni muhula ukiwa unaendelea, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaongeza kibarua cha maktaba juu yake.

Sasa uliza maswali kwa kiasi hicho. Ni cha miezi tisa au 12? Kama ni tisa, ni dola 3,000 kwa mwezi, lakini Juni, Julai na Agosti utakula nini? Ukizitandaza hizo 27,000 kwenye mwaka mzima unabaki na 2,250 kwa mwezi. Kisha tafuta ukurasa wa "ada za lazima": huduma za wanafunzi, teknolojia, usafiri, ukumbi wa michezo usioujua mlango wake. Kufutiwa ada ya masomo mara nyingi hakuzigusi hizo. Tuseme ni dola 900 kwa muhula. Kwa mihula miwili ni 1,800, na sasa uko kwenye 2,100 kwa mwezi. Bado kodi ya serikali, bado sehemu yako ya bima. Hapo ndipo uliweke hilo jibu pembeni ya kodi ya chumba katika mji husika. Kiasi hicho hicho kwenye mji mdogo kinatosha, na kwenye mji mkubwa wa pwani utalala sebuleni kwa mtu.

Jingine ambalo barua haisemi: utafika Agosti, lakini malipo ya kwanza huenda yakaingia mwisho wa Septemba. Mimi yalinichelewa hadi katikati ya Oktoba, kwa sababu fomu moja ilikaa kwenye trei ya mtu aliyekuwa likizo. Nilitembea na daftari la madeni mfukoni: jina, kiasi, tarehe. Bili ya ada za lazima haikuchelewa hata siku moja.

Na kodi?

Malipo ya kufundisha au kufanya utafiti ni mshahara, hukatwa kodi ya mapato kama mshahara. Skolashipu isiyodai kazi ni kitu kingine: kwa mgeni mwenye F-1 ambaye bado si mkazi kwa sheria za kodi, sehemu inayotozwa hukatwa asilimia 14 mapema, isipokuwa kama nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Makato ya hifadhi ya jamii kwa kawaida hayakuhusu miaka yako mitano ya mwanzo. Ukiona yamekatwa, nenda ofisi ya mishahara uyadai.

Ada uliyofutiwa haitozwi kodi, ingawa iliponea chupuchupu. Mwishoni mwa 2017 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao ungeihesabu ada hiyo kama kipato. Fikiria kutozwa kodi ya makumi ya maelfu ya dola ambazo hujawahi kuzishika. Wanafunzi walitoka madarasani kuandamana, na kipengele hicho hakikuingia kwenye sheria ya mwisho.

Nani anapanga posho ya wasaidizi?

Si mtu mmoja. Bodi hupitisha bajeti kwa mafungu makubwa. Provosti, yaani mkuu wa taaluma, hutangaza kima cha chini cha chuo. Kitivo na idara vikiwa na uwezo huongeza juu ya hapo, ndiyo maana msaidizi wa uhandisi na wa historia hupishana kwa maelfu wakiwa jengo jirani. Msaidizi wa utafiti hulipwa kutoka kwenye ruzuku ya profesa wake, na ruzuku ikiisha maneno hubadilika. Penye chama cha wafanyakazi, ngazi zote hizo hufungwa na mkataba wa pamoja.

Mgeni anaruhusiwa kujiunga na chama hicho?

Ndiyo. Viza ya mwanafunzi haikuzuii kuwa mwanachama. Swali gumu ni kama chuo chenyewe kinalazimika kukitambua chama, na jibu lake limepinduliwa mara kadhaa. Kwa vyuo binafsi, bodi ya taifa ya mahusiano kazini, NLRB, ilisema mwaka 2000, katika shauri la Chuo Kikuu cha New York, kwamba wasaidizi ni wafanyakazi. 2004, shauri la Brown, ikasema si wafanyakazi. Agosti 2016, shauri la Columbia, ikarudi kusema ni wafanyakazi. Wajumbe wa bodi hiyo huteuliwa na rais wa nchi, kwa hiyo mshangao ni mdogo. Vyuo vya umma hufuata sheria za majimbo. Wisconsin-Madison wasaidizi waliunda chama 1966 na wakapata mkataba wao wa kwanza 1970 baada ya kugoma, wakati majimbo mengine hadi leo hayaruhusu hata mazungumzo.

Kugoma ni hatua nyingine. Michigan, kwa mfano, sheria inakataza watumishi wa umma kugoma, na bado wasaidizi wa chuo kikuu cha jimbo hilo waligoma kwa miezi kadhaa mwaka 2023. Mgeni anayefikiria kuingia kwenye mgomo azungumze kwanza na mwanasheria wa chama, si na rafiki wa bwenini, maana jambo lolote linalogusa usajili wake wa masomo linagusa viza yake. Chuo Kikuu cha Temple, mwanzoni mwa 2023, kiliwaondolea waliogoma msamaha wa ada na bima ya afya, wakaletewa bili. Mgomo uliisha Machi kwa makubaliano.

Migomo imewahi kubadilisha kiasi chenyewe?

Imewahi. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Chuo Kikuu cha California: Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 kwenye kampasi zote 10, karibu wiki sita, karibu na mitihani ya mwisho. Kima cha chini cha msaidizi wa kufundisha wa nusu muda kwa miezi tisa kilipangwa kupanda kutoka takriban dola 23,000 hadi takriban 34,000 ifikapo Oktoba 2024, na 36,500 kwa Berkeley, Los Angeles na San Francisco. Wa Columbia wa 2021 ulikula karibu wiki 10. Wa Chuo Kikuu cha Boston, 2024, karibu miezi saba.

Posho ikipanda, nafasi hazipungui?

Kwa baadhi ya vyuo hupungua, na sitaki kukudanganya. Baada ya mgomo wake, Novemba 2024, Chuo Kikuu cha Boston kilisimamisha udahili wa mwaka uliofuata kwa programu kadhaa za uzamivu za fani za binadamu na sayansi za jamii, na viongozi wa kitivo walihusisha hatua hiyo na gharama za mkataba mpya.

Lakini sentensi "mkataba umetunyima nafasi" inaruka hatua moja. Mkataba unasema kila msaidizi alipwe kiasi gani. Kama gharama hiyo ibebwe na idara pekee au igawanywe na makao makuu ya chuo, huo ni uamuzi wa watu wanaokaa kwenye kikao cha bajeti, nao wangeweza kuamua vingine. Kwenye kamati yetu tuliwahi kuuliza nani amechagua idara ibebe. Tuliambiwa ni "mfumo wa bajeti". Mfumo huo ulikuwa na tarehe ya kupitishwa na saini tatu.

Nitajuaje mapema kabla hawajapiga kura?

Kwa chuo cha umma, ni kazi ya dakika 20. Majimbo yana sheria za vikao vya wazi. California, kwa mfano, vyombo vya serikali ya jimbo hutakiwa kutangaza ajenda siku 10 kabla ya kikao cha kawaida. Ingia ukurasa wa bodi, fungua makabrasha ya kamati ya fedha, tafuta neno "amana", "ada za lazima" na "wasaidizi" kwa Kiingereza chao. Angalia hasa furushi la mambo ya kawaida. Kuna pia muda wa wananchi kuzungumza, dakika moja au mbili kwa mtu, na mara nyingi unaweza kujiandikisha kwa njia ya mtandao. Chuo binafsi hakilazimiki kufungua milango. Hapo tegemea gazeti la wanafunzi na chama cha wasaidizi kama kipo. Waandishi wa magazeti hayo wana miaka 20 na hulala kidogo, lakini makabrasha wanayasoma.

Barua yangu inasema ufadhili "utategemea upatikanaji wa fedha". Niogope?

Usiogope, ila usisaini kabla hujauliza. Andika barua pepe fupi: ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi; malipo ni ya miezi tisa au 12; ada za lazima ni kiasi gani na nani anazilipa; kiangazi kuna nini; malipo ya kwanza yanaingia tarehe ngapi. Kisha omba majina ya wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, wa tatu kweli, kwa sababu wa mwaka wa kwanza bado anaona kila kitu kinang'aa.

Wiki ikipita bila jibu, usimwandikie profesa mara ya pili. Mwandikie karani wa idara. Yeye ndiye anayeingiza jina lako kwenye mfumo wa mishahara, na anajua ni nani mwaka jana aliahidiwa kitu ambacho hakikuwahi kuingizwa.